Fundo la Pili

Unga ulipanda pamoja na alfajiri. Ulitoka kwenye chekeche kwa mtikiso wa mkono mmoja, ukapita katika mwanga mwembamba wa dirisha la jikoni, ukakaa hewani kidogo kama mgeni asiyejua pa kuketi, halafu ukashuka. Ulishuka mezani, ukashuka juu ya kopo la chumvi, ukashuka kwenye kope za mwanamke aliyekuwa akichekecha. Naye, kabla haujatulia, alikuwa keshachukua kitambaa na kuufuta.

Hakuwa na subira na kitu kinachotua. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, magoti mawili yanayolia kama bawaba, na mikono isiyojua kukaa bure. Shuleni, alikopikia watoto mia tatu, walimwita Mpishi. Nyumbani aliitwa Dada. Mdogo wake alimwita Dada, wifi yake alimwita Dada, na mama yake mzazi naye, alipotaka kitu kwa upole, alimwita Dada. Dada, maji. Dada, dawa. Dada, hukuiona miwani yangu?

Alikuwa amechoka. Tuseme mapema tusizungushane. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa nguo iliyofuliwa mara nyingi, ambayo haijachanika popote, lakini ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Unga ukishafutwa, mama alitoka chumbani akiburuta kandambili. Alikuwa amekula chumvi nyingi, miaka sabini na miwili, na mikono yake ilianza kumsaliti mwaka juzi: kwanza kikombe, halafu vifungo, halafu kila kitu. Hakupika tena. Lakini jikoni haingii bila aproni. "Mtu haendi kazini uchi," alisema, ingawa kazi yake sasa ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dirishani na kumwambia binti yake kwamba moto umezidi.

Aligeuka, akampa mgongo. Binti alizishika kamba mbili za aproni, akazizungusha kiunoni, akapiga fundo.

"Mara mbili, mwanangu."

Akapiga la pili.

Mara mbili, mwanangu. Yalikuwa maneno matatu tu, ya kawaida kabisa, ya mtu mzima asiyetaka aproni imvuke. Lakini kila asubuhi yalimwingia binti mahali palepale, kama mwiba unaokanyagwa na mguu uleule kwenye njia ileile. Alirudi kwenye unga wake, akaukanda kana kwamba umemkosea.

*

Mtaani, mama alikuwa na jina lake: Mara Mbili. Halikuwa tusi, wala halikuwa sifa. Alifunga mfuko wa sukari mara mbili. Alifunga mlango, akaenda hatua tatu, akarudi akaufunga tena. Alifunga viatu vya watoto mpaka mwalimu akaandika barua kuuliza ni nani atakayevifungua. Muuza mkaa akimwona anakuja alianza kuukaza mdomo wa gunia mwenyewe, mara moja, mara ya pili, akacheka, "Basi, mama, hata upepo hautoki."

Naye mama alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Ni binti tu ambaye hakucheka, na watu wakamwona mgumu, mtu wa kununa, aliyemeza jiwe.

Wifi yake alimwona mbaya zaidi. Watoto wa mdogo wake walipokuwa wachanga, hakukubali kuachiwa hata mmoja, hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi. "Nina kazi," alisema, akasimama, akaondoka chumbani. Anapikia watoto mia tatu wa watu, wifi alilalamika, na huyu mmoja wa damu yake hamtaki mikononi. Ana majivuno gani?

Hayakuwa majivuno. Ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na rangi ya buluu.

*

Walikua ndani ya aproni, yeye na mdogo wake. Aproni za mama ndizo zilizowafuta kamasi. Ndizo zilizobeba mayai kutoka sokoni, ndizo zilizoshika kifuniko cha moto, ndizo zilizokuwa pazia la dirisha mwaka ambao pazia halikununuliwa. Zilinuka kitunguu na sabuni ya kipande. Mtoto akifukuzwa na mbwa, aproni. Mtoto akiamshwa na ndoto mbaya, aproni. Kulikuwa na nchi nzima pale kati ya mfuko na goti, na hakuna aliyewahi kuwadai hati ya kuingia.

Mama alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, na alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: kamba ya aproni haiachwi ikining'inia. Inanasa mpini wa sufuria, inaburuta kwenye moto, inaangusha mtu. Ukivua aproni, unaikunja mara nne, halafu unazungusha kamba kwenye vidole viwili, shahada na cha kati, raundi kwa raundi, na ncha unaipenyeza katikati. Kinabaki kidude cha mviringo, kimejikunyata juu ya kitambaa. Walikiita konokono.

Binti alifundishwa konokono akiwa na miaka sita. Kwa siku kadhaa konokono zake zilifumuka; mama akazifumua zaidi akamwambia rudia. Kisha siku moja hazikufumuka tena. Kuanzia hapo vidole viliifanya kazi hiyo peke yao, hata alipokuwa anawaza mambo mengine, hata alipokuwa na haraka. Mdogo wake hakujifunza kamwe. Baba naye alisema maisha ni mafupi. Konokono ikabaki ya watu wawili, mama na binti, kama ndugu wa chama kidogo.

Wewe uliyekunja nguo ukiwa na miaka sita, huwezi tena kuitupa ovyo. Mwili hausahau. Kichwa ndicho husahau.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo, joto tupu, na mama alikuwa amekwenda nao wote wawili kazini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaachia. Binti alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake alikuwa na mwaka na mwezi, na ndio kwanza amejua kutembea, na aliyatumia maarifa hayo kama mwizi aliyepewa ufunguo.

Kwa hiyo mama alimfunga. Usishangae, kila mama wa jikoni ana mbinu zake. Kulikuwa na aproni kuukuu ya buluu iliyoachwa na mpishi mnene aliyestaafu, yenye kamba ndefu za kumzunguka mtu mara mbili. Mama alimzungushia mtoto ile aproni kifuani, akaifunga kamba kwenye mguu wa meza ya kona, mbali na moto. "Mwangalie," akamwambia binti. "Naenda stoo kupimiwa mchele. Sichelewi."

Mtoto alilia. Alilia bila kupumzika, akivuta kamba, uso umevimba. Na nje, mlangoni, lilikuwa linaingia lori jipya la kiwanda, linarudi kinyumenyume, na wanaume wanalipigia makofi na kulielekeza, kata, kata, kata, acha. Binti hakuwa amewahi kuliona lori jipya. Alitaka kuliona. Alitaka pia huyu mtoto anyamaze. Hayo mawili tu, wala halikuwapo la tatu.

Akafungua fundo. Akamvua mtoto aproni. Akampa kifuniko cha sufuria achezee, naye akasimama mlangoni kidogo tu, mgongo kwa jiko.

Sauti aliyoisikia aliitambua kabla ya kugeuka. Pale sakafuni palikuwa na beseni la maji ya moto ya kuoshea masufuria.

Mama ndiye aliyefika kwanza. Wengine walipoingia, alikuwa keshamnyanyua mtoto, keshamfunga mguu kwa aproni ya buluu iliyoloweshwa maji ya baridi, na alikuwa anasema, kwa sauti kavu isiyo yake, "Nilifunga vibaya. Fundo limelegea. Nilifunga vibaya."

Alisema hivyo kwa msimamizi, wakamtoa kwenye moto wakampeleka kuosha vyombo miaka miwili. Alisema hivyo kwa muuguzi. Alisema hivyo kwa baba, ambaye hakumsemesha msimu mzima wa mvua. Alisema hivyo kwa bibi, mama yake baba, ambaye hakunyamaza kamwe; miaka kumi na tisa, mpaka anakata roho, aliwasimulia wageni juu ya mkamwana wake asiyejua kufunga fundo.

Na binti alisikia yote. Alikuwa pale, nyuma ya mlango, mdomo umejaa maneno kama maji ya kusukutua. Hakuyatema. Leo nitasema, alijiambia. Kesho. Bibi akiondoka. Baba akirudi. Nikimaliza shule. Mtoto alipona, akatembea, akachechemea, akakua. Fundo la pili likaanza, kila mahali, kwenye kila kitu, na binti akaelewa, au alidhani ameelewa: mama yangu haamini tena mikono yake. Na mimi ndiye niliyemnyang'anya imani hiyo.

Miaka arobaini na miwili. Mara mbili, mwanangu.

*

Mdogo wake sasa alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mguu wa kushoto ulikuwa na ngozi iliyokunjamana kuanzia goti hadi kifundo, na kifundo chenyewe hakikukubali kupinda, kwa hiyo alikanyaga pedeli kwa mguu wa kulia peke yake. "Mmoja wa kazi, mmoja wa mapambo," aliwaambia wateja. Alikuwa mtu wa mzaha, kama mama.

Mama ndiye aliyetoa wazo. Blanketi lilikuwa zito. "Linanilalia kama mtu mnene," alisema. Alitaka kitu chepesi, laini, kilichokwisha kufuliwa mpaka kikakubali. Kwenye sanduku chini ya kitanda kulikuwa na aproni zake zote, kumi na sita. Fundi atoe kamba, aziunganishe, mama apate shuka la kujifunika.

Jumapili mchana wakakaa chumba cha mbele, watatu, mlango wazi, mtaa ukipita na sauti zake. Dada alitoa kamba kwa wembe. Fundi alipokea kitambaa, akakipachika. Mama alikaa katikati akizisoma kama barua.

"Hii ya kijani ni ya mwaka aliokufa baba yenu. Ona, mfuko umetatuka. Nilikuwa natia mkono humo nisiuone ukitetemeka."

"Hii nilishonewa na wewe, baba, ukiwa mwanafunzi. Mfuko uliuweka mgongoni."

"Ilikuwa mitindo," fundi alisema.

"Ilikuwa upofu."

Kumi na nne, kumi na tano. Kisha, chini kabisa ya sanduku, ile ya buluu.

Ilikuwa imefifia mpaka kuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Dada aliiweka magotini. Wembe ulikuwa mkononi, lakini mkono haukwenda.

Fundi aliinama akaitazama. "Ndiyo yenyewe hii? Adui yangu?" Akacheka. "Mama, fundo lako lilinipa mguu wa kifahari."

"Ni kweli," mama akasema, naye akicheka, kwa wepesi uleule wa siku zote. "Nilifunga vibaya. Nisamehe, baba."

Nisamehe, baba. Alikuwa amelisema hilo mara ngapi? Kwa mzaha, kwa machozi, kwenye vikao, kwenye foleni za zahanati. Dada alimtazama mama yake, mwanamke mdogo kwenye kiti kikubwa, mikono ikicheza yenyewe mapajani, akiomba radhi tena, kwa kosa lisilo lake, Jumapili mchana, kana kwamba anaomba apitishiwe chumvi. Kitu fulani ndani yake kilikataa. Hakikuwa ujasiri. Kilikuwa uchovu tu. Alikuwa amechoka kulishika jambo hili kuliko alivyokuwa akiogopa kuliachia.

"Hukufunga vibaya," alisema.

Pedeli ilisimama.

"Ni mimi niliyefungua. Alikuwa analia, na mimi nilitaka kuona lori. Nikafungua, nikaenda mlangoni. Bibi alikutukana miaka yote ile, na mimi nipo. Ni mimi, mama."

Mtaani mtu aliita mwenzake, na mwenzake akaitika. Mama hakushtuka. Alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akaigusa aproni ya buluu pale magotini mwa binti yake.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipoingia nilimwona mtoto, halafu nikaiona aproni. Ilikuwa juu ya meza. Imekunjwa mara nne. Kamba imefanywa konokono, na ncha imepenyezwa katikati." Mama alitabasamu kidogo, kwa huzuni. "Fundo likilegea, aproni haijikunji yenyewe, mwanangu. Na konokono tulikuwa tunaijua wawili."

Dada hakukumbuka. Alitafuta kichwani, akaona fundo, akaona kifuniko, akaona lori. Hakuona mikono yake ikikunja. Lakini aliamini, kwa sababu alipoteremsha macho aliiona kamba ya aproni ya kumi na tano, aliyoitoa dakika chache zilizopita, imezungushwa vizuri, imewekwa juu ya mkono wa kiti. Na nyingine kumi na nne zilipangwa pembeni yake. Konokono kumi na tano, na hakuna hata moja aliyoifanya akijua.

"Nikaifumua kabla hawajaingia," mama akasema, "nikamfungia mguu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na thelathini. Nani alikuwa na mgongo wa kubeba?"

Hapo ndipo hasira ilipomjia, na ilikuwa hasira ya kweli, ya moto. "Arobaini na miwili, mama. Ukaniacha nayo. Kila asubuhi unageuka, unaniambia mara mbili, mara mbili. Nilidhani unalia kosa lako. Nilidhani nimekuharibu mikono."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba nyingine.

"Fundo la pili halikuwa langu," alisema polepole. "Lilikuwa lako. Nilikujaribu, hukumbuki? Nilifunga moja, nikakwambia fungua, ukafungua. Nilifunga mawili, ukashindwa, ukaning'ata kidole kwa hasira. Nikasema basi, nitafunga mawili. Hata likitokea jambo, haitakuwa wewe tena. Halafu ulikua, na mikono yangu ilikuwa imeshazoea." Akalainisha mkunjo wa ile aproni ya buluu. "Nilikuona umenyamaza, nikadhani umesahau. Watoto husahau. Nikasema nisikukumbushe. Hapo nilikosea. Hapo ndipo nilipofunga vibaya."

Wakakaa. Dada alilia bila sauti, kama mtu anayekata vitunguu, machozi yakishuka tu na mikono ikiendelea kushika kitambaa.

Fundi alikohoa.

"Kwa hiyo mguu ni wangu," alisema, "na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Aliunyoosha ule mguu wa kushoto mbele yake, akautazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa na mzaha. Dada alingoja. Chochote atakachosema ni haki yake, aliwaza. Akitaka kunifukuza, anifukuze.

"Hilo lori," fundi akasema mwishowe. "Angalau lilikuwa zuri?"

Dada alifuta pua kwa kiganja. "Lilikuwa jekundu."

"Jekundu kabisa?"

"Kabisa. Lina maandishi ya njano ubavuni."

Fundi alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kisha akanyoosha mkono apewe aproni ya buluu. "Hii niiweke wapi?"

"Miguuni," mama akasema. "Miguu ndiyo inayoshika baridi."

Na pedeli ikaanza tena, mguu mmoja, mshono mmoja, ikisita kidogo, kisha ikienda.

*

Asubuhi ya Jumatatu unga ulipanda pamoja na alfajiri. Uchovu ulikuwa palepale. Uchovu hauna habari na yaliyosemwa Jumapili. Magoti yalilia. Watoto mia tatu walikuwa wanangoja.

Mama alitoka chumbani akiburuta kandambili. Alikuwa amelala chini ya aproni zake, na shavuni alikuwa na alama ya mshono. Aligeuka, akatoa mgongo.

Binti alishika kamba. Akazungusha. Akapiga fundo moja, akalikaza.

"Mara," mama akaanza, kwa mazoea.

Halafu akanyamaza.

Mikono ya binti ilibaki hewani, imeshika ncha mbili. Ilitaka kuendelea. Ilikuwa imefanya hivyo kila siku tangu mwaka juzi, na mikono haielewi mazungumzo. Aliizuia. Mama alisimama vilevile, mgongo wake mdogo ukipumua, akasubiri. Kisha akaenda zake kwenye kiti cha dirishani, hatua kwa hatua, na aproni ikaenda naye, kiunoni mwake, kwa fundo moja.

Ikafika naye. Haikulegea.

Unga bado ulikuwa hewani. Ulipita katika mwanga, ukashuka mezani, ukashuka juu ya kopo la chumvi, ukashuka kwenye nywele nyeupe za mama usionekane. Kitambaa kilikuwa kwenye msumari wake. Binti alikitazama, akakiacha. Akavuta kigoda, akaketi kando ya mama yake, jambo ambalo jikoni mle hakuwa amewahi kulifanya saa za kazi.

"Moto umezidi," mama akasema.

"Nimeuona, mama. Uache kidogo."

Akaweka mikono juu ya mapaja, viganja juu, akatulia, unga ukamtulia.